Kabla hujashika bisibisi

Jumamosi moja nilitandika kitambaa cheupe juu ya stuli nikafungua kisu cha kukunja ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Kilikuwa kinakunjuka, kinajifunga, makali yapo. Kosa lake lilikuwa utomvu wa embe uliogandia kwenye kiungio, basi. Dakika arobaini baadaye nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na tochi ya simu, natafuta washa, kile kipete bapa kinachokaa kati ya ubapa na mpini, nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyoruka nilipoinua ubapa kutoka kwenye mpini.

Mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Asha, kwani kisu kilikuwa kibovu?"

Nikamwambia hapana, nakisafisha. Akaitazama sakafu, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Washa ile sijaiona mpaka leo. Lakini imenipa msimamo, na msimamo wangu ni huu: visu vingi vya kukunja havina haja ya kufunguliwa, na vile vyenye skrubu vinatudanganya. Mtu akiona skrubu, vidole vinamwasha. Anadhani ikiwekwa pale ni kwamba amekaribishwa. Kumbe mara nyingi skrubu imewekwa kwa faida ya kiwanda, kurahisisha kuunganisha, wala si kwa ajili yako wewe na bisibisi uliyonunua kwa mmachinga.

Kisu changu kingine ni Okapi, alichonipa mjomba. Wengi mnakijua kwa sura hata kama hamjui jina: mpini wa mbao iliyokolezwa rangi, nyota na mwezi mwandamo za bati zimepachikwa, na pete ya chuma mgongoni. Ukikikunjua, meno yaliyo kwenye kitako cha ubapa yanapita chini ya springi, krrra-krrra-krrra. Ukitaka kukifunga unavuta pete, springi inanyanyuka, meno yanaachia. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na Tanga yetu hii ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Jina walikipa la yule mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemwandika vitabuni mwaka mmoja tu kabla. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, huko KwaZulu-Natal. (Ule mlio, lakini, usiujaribu ndani ya daladala. Mimi nilijaribu nikitaka kumenya chungwa, siti mbili zikabaki wazi.)

Okapi haina skrubu hata moja. Ina ribiti. Pini imepita, imegongwa kichwa pande zote mbili, mambo yamekwisha. Kuna watu wanaona huo ni ufundi wa bei rahisi. Mimi naona ni msema kweli. Ribiti inakwambia: humu huingii, nisafishe nikiwa mzima. Hata Victorinox, visu vyekundu vya Waswisi ambavyo hakuna anayethubutu kuviita vya bei rahisi, vimeshikwa kwa pini za namna hiyo, na utunzaji wake ni maji ya uvuguvugu, kukunja na kukunjua mara kadhaa, kukausha, halafu tone la mafuta.

Nilimwuliza mjomba anasafishaje chake, maana ni cha zamani kuliko changu na hakichezi hata kidogo.

"Shikamoo mjomba. Hivi kile kisu chako umewahi kukifungua?"

"Marahaba mjomba. Kukifungua ndo kufanyaje?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha, na hiyo ndiyo njia ninayoitumia sasa kwa visu vyote viwili. Mswaki wa zamani, sabuni kidogo, maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Kisu kinakunjuliwa, kinainamishwa ubapa chini, unasugua ndani ya mfereji wa mpini na pembeni mwa kiungio. Unafunga na kufungua ndani ya povu mara kumi au zaidi, maana uchafu wa kiungio hautoki kwa kusuguliwa, unatoka kwa kutembezwa. Unasuuza, unapuliza kwa nguvu, unakiacha wazi kivulini mpaka kikauke kabisa. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungio, unakitembeza tena, na hapo ndipo utaona maajabu: mafuta yanatoka meusi. Unafuta, unaongeza tone, unafuta, mpaka yatoke meupe. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta ile Jumamosi, na kingenichukua robo saa.

Mambo mawili alinisisitizia. La kwanza, usiloweke mpini wa mbao. Mbao ikinywa maji inavimba na kuubana ubapa. Wafaransa wenye visu vyao vya Opinel wanalijua hilo vizuri sana. Kisu hicho kimetengenezwa Savoie tangu 1890, nacho kikilowa mbao inavimba na kukishika ubapa kama koleo. Dawa ni subira, kikauke chenyewe taratibu. Asiyejua anaona kimekwama, anachukua nyundo anaanza kuitoa pini, na kisu kinakufa kwa ugonjwa ambao ungepona wenyewe kesho yake.

La pili ni mafuta, na hapa nimeona watu wengi wakikosea kwa nia njema. Mafuta ya kupikia ya alizeti hayafai. Yakikaa kwenye hewa yanakamata oksijeni, yanageuka ulimbo, na baada ya wiki chache kisu kinakunjuka kama kimetiwa asali. Mafuta ya nazi hayageuki ulimbo haraka hivyo, ila yanaganda baridi ikiingia, na hata hapa Tanga usiku wa Julai yanatosha kuwa mazito. Cherehani ya bibi imefanya kazi miaka mingapi kwa kile kichupa kidogo? Tumia hicho, kisha futa ubapa kabla hujakata tunda. Mafuta ya taa yanaondoa uchafu kweli, lakini hayalindi chuma, na embe lenye harufu ya kibatari sijui utampa nani.

Kwa sisi wa pwani adui ni chumvi, hata hujagusa bahari, maana upepo unaileta. Chuma cha Okapi ni cha kaboni. Kinashika kutu upesi kikilala na unyevu, lakini pia kinanoleka upesi kwenye kinoo. Machungwa ya Muheza yamekifanya changu kiwe na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na vijana wameniambia nikisugue king'ae. Sikisugui. Ule weusi wa asidi ya chungwa ni ngozi, unasaidia kuzuia ile kutu nyekundu yenye kula chuma. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa, tena siku hiyohiyo.

Sisemi hakuna kisu cha kufunguliwa. Chris Reeve, mtengenezaji aliyetoka Afrika Kusini akahamia Marekani, ana kisu alichokiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Hicho kinauzwa pamoja na ufunguo wake, na mwenye nacho anatarajiwa kukifungua. Tofauti iko ndani: kwenye kiungio kuna kibomba cha chuma kilichopimwa kwa makini sana. Ukikaza skrubu hadi mwisho, inakibana kibomba, haiubani ubapa. Huwezi kukosea. Kwenye visu vingi vingine hakuna kitu hicho. Ukikaza sana ubapa unagoma, ukilegeza kidogo unacheza, na sehemu sahihi kati ya hizo mbili ni robo ya robo ya mzunguko ambayo kiwandani waliipata wakaifunga kwa gundi ya skrubu. Wewe ukishaifungua, umeipoteza. Baadhi ya watengenezaji hawapokei tena dhamana yako ukishafanya hivyo, na kwa kweli nimeacha kuwalaumu.

Gundi hiyo ndiyo iliyonimaliza. Skrubu za mpini zilikuwa ndogo, za kichwa cha nyota cha saizi ya T6, na bisibisi yangu ilikuwa ya chuma laini. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili nikalazimisha, ikalika kichwa, ikawa tundu la mviringo. Nilitakiwa kwanza kuipasha moto kwa ncha ya chuma cha kulehemia ili gundi ilegee, na kutumia bisibisi inayojaa tunduni bila kucheza. Na nilitakiwa kuuzungushia ubapa utepe wa gundi kabla ya kuanza, jambo ambalo kidole gumba cha kushoto kilinikumbusha.

Kwa hiyo mimi nafungua kwa sababu mbili tu: mchanga ulioingia ndani ukasaga na maji ya moto yakashindwa kuutoa, au kisu kimezama maji ya bahari na kutu imeanza mahali ambapo mswaki haufiki. Embe si sababu. Kutaka kuona ndani kuna nini ni sababu ya kibinadamu sana, na kama ndiyo yako, fanyia kwenye trei yenye kingo, si juu ya stuli.

Washa iliyopotea niliikatia nyingine kutoka kwenye kifuniko cha plastiki cha kopo la siagi, kwa mkasi wa kucha. Kisu kinafanya kazi. Kinacheza kidogo ukikishika ncha, basi nakitumia kufungulia maboksi. Juzi mjomba alikuja, akakiokota mezani, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima dafu, akakirudisha palepale. "Lete kile kingine," akasema, "tumenye machungwa."