Kopo la kunasa oili kwenye injini kuukuu: linasaidia nini hasa?

Wanaolipigia debe kopo la kunasa oili wana hoja inayoeleweka haraka. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye bloku. Zikikosa pa kutokea, presha hupanda na oili sili huanza kuvuja. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, California ikitangulia, magari yakaanza kufungwa vali ya PCV, inayozirudisha gesi hizo kwenye manifoldi ya hewa ziungue upya. Kasoro yake ni kwamba zinabeba ukungu wa oili. Kopo hukaa katikati ya njia: ukungu unagonga wavu wa ndani, unapoa, unageuka matone na kubaki chini.

Injini ikichakaa, gesi hizo huongezeka, na ukungu nao. Kwa mantiki hiyo gari la zamani ndilo linalolihitaji zaidi. Nadhani kwa magari mengi ya petroli ya zamani hesabu hiyo haikai sawa.

Hofu kubwa inayouza makopo haya ni ukoko wa kaboni kwenye vali za kuingizia hewa. Lakini kwenye injini ya kabureta, au ile ambayo nozeli zake hunyunyiza kabla ya vali, petroli yenyewe huosha mgongo wa vali muda wote injini inapofanya kazi. Oili kidogo inayopita haipati nafasi ya kugandamana. Utaikuta kama utando mweusi kwenye throtoli (mlango wa hewa ya injini), unaotoka kwa kitambaa na dawa ya kusafishia. Ukoko ni ugonjwa wa injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mitsubishi walianza kuuza injini zao za aina hiyo, walizoziita GDI, mwaka 1996, kwa hiyo zipo ambazo nazo sasa ni kuukuu, na kwa hizo sina ubishi. Dizeli zenye tabo (turbo) na EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, pia: masizi ya moshi unaorudishwa yakikutana na oili hufanya lami inayobana manifoldi.

Watetezi hupenda kuonyesha kilichomo koponi kama ushahidi. Kitazame kwa karibu, hasa baada ya safari fupi fupi za asubuhi: uji mweupe unaonuka petroli. Sehemu kubwa ya uji huo ni maji na petroli, vitu ambavyo vingeungua na kutoka bila madhara. (Wapo wanaouona wakadhani gasketi ya silinda hedi imekufa, kumbe injini haijapata moto wa kutosha kukausha unyevu.)

Halafu kuna moshi wa bluu, yaani wa oili inayoungua. Gari likiutoa linapowashwa baada ya kulala usiku kucha, mtuhumiwa wa kwanza ni sili za vali, na oili hiyo haipiti kwenye kopo hata kidogo. Ringi zilizokwisha nazo hazifufuliwi na kopo. Linachoweza kufanya ni kukuonyesha ukubwa wa tatizo: likijaa upesi, pima kompresheni (presha ndani ya silinda). Ila kabla ya kuzituhumu ringi, ing'oe vali ya PCV uitikise. Nyingi zikiwa nzima hugonga ndani. Ikiwa kimya, huenda imeganda kwa uchafu, na kuibadilisha ni kazi ndogo kuliko kufunga kopo.

Ufungaji mbovu nao una gharama. Mpira wa maji wa kawaida hulainishwa na oili, kisha hujikunja kwa mvuto wa manifoldi. Kwenye baridi kali maji huganda, njia ikaziba, presha ikachomoa dipstiki. Kopo lenye kichujio juu, likiachwa limeungwa kwenye manifoldi, huvuta hewa isiyopimwa na sensa. Mlio wa injini unayumba na taa ya dashibodi inawaka.

Mwenye GDI ya zamani au dizeli ya tabo, na afunge, lakini mbali na manifoldi ya moshi, kwa mpira unaohimili oili, na mahali ambapo kizibo cha kumwagia kinafikika kwa mkono. Kopo linalodai bampa ing'olewe kwanza halimwagwi na mtu, na likifurika, injini hunywa oili yote kwa mkupuo.