Ndizi, chungwa na kura ya pili

Novemba 2005, mama mmoja wa matunda pale soko la Marikiti, Nairobi, alipanga ndizi upande mmoja wa meza na machungwa upande wa pili. Mteja akichukua ndizi peke yake, waliomzunguka walimtazama mara mbili. Mwishowe mama akawa anatia yote kwenye mfuko mmoja wa plastiki (enzi hizo bado ruhusa) na kusema, "Nusu kwa nusu, vita peleka kwingine."

Ndizi ilikuwa alama ya Ndiyo kwa rasimu ya katiba ya Kenya, chungwa alama ya La. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, na siku mbili baadaye Rais Kibaki akavunja baraza lake la mawaziri. Tarehe 4 Agosti 2010 tukapanga foleni tena kwa ajili ya katiba mpya, na theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema Ndiyo. Upande wa La ulipinga mahakama za kadhi, vifungu vya ardhi na kile cha uavyaji mimba. Kwamba wananchi walishasema La mwaka 2005, hiyo haikuwa hoja yao kuu.

Wanaopinga kura ya marudio, yaani kuwauliza wananchi tena walichokwisha kukijibu, wana hoja nzito. Aliyefungwa bao hapangi kete upya mpaka ashinde. Ireland iliukataa mkataba wa Lisbon wa Umoja wa Ulaya mwaka 2008, ikaitwa tena mwaka 2009, ikaukubali. Baada ya hiyo Ndiyo, hakuna aliyeitisha kura ya tatu. Hapo ndipo shaka inapoingia: jibu linalowapendeza wakubwa huwa la mwisho, lisilowapendeza huitwa la muda.

Lakini hebu tazama Uingereza. Tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 walichagua kutoka Umoja wa Ulaya, na karatasi haikuwa na neno hata moja kuhusu njia ya kutokea. Watu walikubali safari kabla ya kutajiwa nauli. Makubaliano yalipofika mezani, waliotaka kura ya pili walisema sasa ndipo kuna kitu cha kupigia kura. Hawakupewa, nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Sioni kwamba ombi lao lilikuwa la utoto. Hata Waireland, kabla ya kurudi kwenye foleni, walihakikishiwa kwamba wangebaki na kamishna wao katika Umoja huo na kwamba kodi na kutofungamana kwao kijeshi havingeguswa.

Kwangu mimi, basi, cha kutazama ni swali lenyewe. Rasimu ya 2010 haikuwa ile ya 2005 iliyopakwa rangi mpya: ilikuja na kaunti 47 na seneti, na iliandikwa na kamati ya wataalamu. Mada ilikuwa moja, swali jingine.

Muhimu pia ni nani anashika kengele ya kuita watu. Katika kesi ya BBI, mpango wa kubadili katiba ya Kenya, Mahakama ya Juu ilisema tarehe 31 Machi 2022 kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa kupitia mlango wa wananchi, ule wa saini milioni moja. Hiyo ni kinga nzuri. Ila katiba yetu haisemi swali lililokataliwa likae muda gani kabla ya kurudishwa.

Nilipolitaja hili kwenye bustani ya Jeevanjee, nikapendekeza miaka mitano, isipokuwa swali likiwa limebadilika kweli. Mzee mmoja aliyekuwa amekunja gazeti kwapani akaniuliza nani atapima huo ukweli. Nikasema korti. Akacheka: korti iamue lini wananchi wamebadili nia? Nikamuuliza yeye angempa nani kazi hiyo. Akafungua gazeti, akalikunja tena.