Dekoda Iliyosikia Sala za Nkambo

Baba Mdogo aliposikia kwamba stesheni moja ingerudia mechi ya tarehe 14 Desemba 2010, ile ambayo TP Mazembe wetu wa Lubumbashi waliwafunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, aliniagiza niirekodi yote, hasa pale kipa Kidiaba anaposhangilia kwa kurukaruka juu ya makalio. Lakini dekoda iko saloni, yaani sebuleni, na saloni ni himaya ya Nkambo, nyanya yangu, ambaye havumilii laptopu wala nyaya mbele ya televisheni yake.

Ndipo nikanunua visanduku viwili vya kurusha picha bila waya. Kimoja nilikiunga nyuma ya dekoda kwa zile nyaya tatu, ya njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Cha pili kilikaa chumbani kwangu, kikinasa mawimbi ya gigahezi 2.4 na kuyaingiza kwenye laptopu kupitia kifaa cha USB. Muuzaji alisifu zaidi jambo lingine: ukibonyeza rimoti chumbani, amri hupenya ukuta kwa redio ya megahezi 433 na kumulikwa upya mbele ya dekoda. Hakusema, na sidhani alijua, kwamba amri hiyo haina anwani, hivyo humfikia yeyote jirani mwenye visanduku na dekoda za aina ile ile.

Jirani wa lupango la nyuma alikuwa navyo vyote.

Nkambo alikuwa amekubali, kwa shingo upande, kuikosa tamthilia yake jioni moja. Kabangu alipofunga bao la kwanza, uvumilivu ulimwishia, akafumba macho na kumwomba Mungu amrudishie bibi harusi wake. Picha ikageuka palepale. "Aleluya!" nikasikia kutoka saloni. Nikabonyeza rimoti, mechi ikarudi. "Shindwa, Shetani!" akajibu Nkambo. Tuliendelea hivyo mpaka mwisho, huku nyuma ya ukuta jirani akiwagombeza watoto wake kwa nini wanamchezea dekoda.

Jumapili Baba Mdogo alileta marafiki na vinywaji. Kaluyituka alipiga shuti, na mpira ukaingia kanisani, ambako padri alikuwa akiuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kidiaba aliketi chini tayari kuruka. Aliyeinuka alikuwa mama mkwe. Baba Mdogo alifura, ingawa rafiki yake mmoja aliomba kujua kama ndoa hatimaye ilifungwa.

Nikaizima ile njia ya rimoti. Nkambo akaomba jioni nzima bila kujibiwa, kisha akawaita wamama wa kikundi chake cha sala waje kuiwekea dekoda mikono. Walipoimba hadi sauti zikakauka, huruma ilinishika, nikaiwasha tena kimyakimya. Kwa bahati mbaya, saa ile jirani alikuwa na hamu ya mieleka.