Gari Yangu Si ya Wagonjwa

Yakhe, nauliza: mtu akinunua gari yake kuukuu ya keri kwa ajili ya kupeleka mihogo soko la Chake, nani kampa cheo cha kubeba wagonjwa? Mie sijasomea uuguzi. Damu nikiiona, hata ya kuku, natafuta pa kukaa. Lakini kijijini petu, huku kusini mwa Pemba, ikishapita saa nne za usiku, mlango unaogongwa ni wangu. Haugongwi wa sheha, wala wa mwalimu wa skuli aliyepelekwa kozi ya huduma ya kwanza akarudi na cheti. Wangu, kwa sababu nje pana magurudumu manne. Matatu, ukitaka ukweli. La nne linakwenda kwa dua.

Na wagongaji wenyewe hawasemi kilichotokea! Wanapiga kelele "Amka, tumekwisha!" Nani kaisha? Yuko wapi? Anapumua au hapumui? "Wewe washa gari tu, utajua huko huko."

Nina mpwa wangu Marekani, jimbo la Washington, mahala panaitwa King County, ambapo mji wao mkubwa ni Seattle. Alipiga simu kunisalimu, nikamwambia mjomba wako leo sikulala. Badala ya kunipa pole, kijana akanipa darsa zima la namna kaunti yao inavyoendesha huduma ya dharura. Tangu hapo sina raha. Zamani nilikuwa nateseka nikidhani ndivyo dunia ilivyo.

Kule unapiga 911, basi. Simu ya mwanzo kabisa ya namba hiyo ilipigwa mji mdogo unaitwa Haleyville, jimbo la Alabama, Februari 1968, na leo mtoto mdogo anaijua. Anayepokea hakuulizi hali ya watoto wala mvua kwenu imenyesha. La kwanza: uko wapi? Maana simu ikikatika, watu washajua pa kukufuata. Halafu ndo akuulize kuna nini, mtu ana fahamu, anapumua sawasawa? Kwa majibu hayo anajua amtume nani, na waende na king'ora au waende taratibu. Huku gari ishatoka, yeye hakati simu. Ikiwa moyo umesimama, anakusomesha hapo hapo: mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiwache. Kwani ubongo ukikosa hewa dakika nne mpaka sita unaanza kuharibika, na gari ya kufika kila mlango kwa dakika nne hana hata Mmarekani.

Sasa niletee swali hilo la "uko wapi" huku petu. Nguzo za anwani za makazi tunazo, tena nzuri. Ya njia yetu kafungwa mbuzi. Lakini mtu mwenyewe ukimuuliza anakwambia: "Ukishapita mskiti wa zamani, si huu, ule uliovunjwa, kata kushoto kwenye mkarafuu wa marehemu bibi, halafu uliza." Nimuulize nani saa nane za usiku? Mbuzi?

Basi msimu wa karafuu uliopita kaanguka kijana mmoja juu ya mkarafuu. Mambo hayo yanajulikana, mpaka Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lina fidia kwa wanaoanguka. Nafika, namkuta kijana keshakalishwa kitako! Mmoja kamshika kwapa, mwengine anamtikisa shingo aone kama inageuka, wa tatu kaja na birika la maji amnyweshe. Mpwa wangu anasema kule aliyeanguka kutoka juu haguswi ovyo. Shingo inashikwa isicheze, analazwa mwili umenyooka, ndo anyanyuliwe, kwa sababu uti wa mgongo ukishajeruhiwa unaweza kuumalizia kwa huruma yako mwenyewe. Nikawaambia wenzangu hayo. Mzee mmoja akaniuliza: "Wewe umekuwa daktari lini?" Nikajibu sijawa. "Basi endesha."

Tukampakia. Yaani, tulitaka kumpakia, lakini wasindikizaji walikuwa weshapanda. Kuna mama mtu, lazima. Kuna shangazi, naye huwezi kumteremsha akaja kukulaani. Kuna anayejua nesi. Kuna anayejua anayemjua nesi. Kuna mbeba chupa ya chai, mbeba mkeka, na bwana mmoja ambaye kumbe anakwenda zake Mkoani kuwahi boti, kasikia gari inatoka. Mgonjwa kaingizwa mwisho, miguu nje. Njia nzima amri zinatoka nyuma: "Enda mbio!" "Polepole, unamuua!" "Simama tumchukue ami yake!" Nilisimama tukamchukua ami yake.

Kule, yakhe, wanaofika mwanzo mara nyingi ni zimamoto. Usishangae, hata mie nilishangaa: mtu kaumwa na kifua, linakuja gari jekundu la kuzimia moto! Sababu yao wanayo. Vituo vya zimamoto vimeenea kila pembe, na watu wake wamefundishwa kumpa mtu hewa, kufunga damu, kushtua moyo kwa mashine. Ugonjwa ukiwa mzito wanafuatiwa na mafundi wakubwa zaidi, waliosoma zaidi ya saa 2,000, wenye dawa na sindano, na mashine inayochora mapigo ya moyo. Na hao nao hawajifanyii tu. Juu yao yuko daktari aliyeandika nini wafanye kwa ugonjwa upi, na yeye ndiye wa kuulizwa kukiharibika. Njiani wanapiga simu hospitali: tunakuja na mtu wa namna hii, jitayarisheni. Dereva anaendesha. Anaendesha tu! Hilo ndilo lililoniumiza roho kuliko yote. Mtu mzima analipwa mshahara kwa kushika usukani, bila ya kuulizwa aende wapi, petroli ya nani, na kwa nini kamwacha ami.

Nikamwambia mpwa, watu hao mashetani, wamezaliwa nayo hiyo akili. Akacheka. Akasema, mjomba, mpaka miaka ya 1960 miji mingi ya Marekani gari ya wagonjwa ilikuwa ni ile ile ya wazika maiti. Ndiyo gari pekee aliyoweza mtu kulala akanyooka, basi wenye biashara ya maziko wakawa wanabeba na walio hai. Nakwambia biashara hiyo haina safari ya hasara: mgonjwa akifika mzima unalipwa, asipofika vilevile ni mteja wako. Mwaka 1966 wataalamu wao wakatoa ripoti kuwa majeruhi wa ajali wanakufa njiani kwa kukosa matunzo. Mwaka uliofuata, mji wa Pittsburgh, kikaanzishwa kikosi cha gari za wagonjwa cha Freedom House, vijana weusi waliokuwa hawana kazi, wakasomeshwa mpaka madaktari wenyewe wakawavulia kofia. Seattle nao wakaanza chao 1970. Kwa hivyo sie huku kijijini petu, kwa hesabu yangu, tupo 1965. Tena bila ya gari ya maziko, maana jeneza letu lipo mskitini na linabebwa kwa mabega.

Na fedha? Hapo nilisogeza simu karibu na sikio. King County wenye nyumba wanatozwa kodi maalumu kwa kazi hiyo. Walipiga kura kuikubali mara ya mwanzo 1979, na siku hizi kila miaka sita wanapiga tena. Wanapiga kura watozwe, na wanakubali! Kaunti nyengine nyingi gari inakuja, unatibiwa, unapona, halafu bili inakufuata nyumbani, pengine dola elfu na zaidi, ukaumwa upya. Mie sijawahi kumpelekea mtu bili. Malipo yangu ni "Mungu atakulipa," nami naitikia amin kwa moyo safi. Bahati mbaya mwenye kituo cha mafuta hana mashine ya kupokelea hiyo.

Msinifahamu vibaya, na sie tunacho kitu. Mjamzito wetu akishikwa na uchungu, kuna namba ya simu 115, ya huduma inaitwa m-mama, bure. Wanakuuliza maswali kama yale ya Marekani, na gari ya wagonjwa ikiwa mbali wanamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, na analipwa kwa simu. ANALIPWA. Nilipolisikia hilo mke wangu alidhani nimepata habari ya msiba. Lakini huduma hiyo ni ya wajawazito, waliokwisha kujifungua na vichanga. Jirani yangu, mzee mwenye mshipa, tumbo lake limetangulia mbele hatua mbili, usiku akakazana lazima aipige. Bi dada wa upande wa pili kwa adabu zake zote akamuuliza mimba ina miezi mingapi. Mzee akafikiri kidogo, akasema: "Hii? Tangu mwaka jana." Nikawasha gari.

Sheha naye kachoka kusikia manung'uniko yangu, akaitisha mkutano. Watu walijaa. Nikatoa yote ya mpwa wangu: anayepokea simu awe mmoja na awe macho, mwenye cheti cha kozi aende na mgonjwa, wasindikizaji wasizidi wawili, na kila nyumba itoe kidogo kila mwezi kwa ajili ya petroli. La simu likapita. La mwenye cheti likapita, mwenyewe hakuwepo. La wasindikizaji lilizua vurugu mpaka shangazi mmoja akatoka nje. La petroli likaahirishwa kwa sababu adhana ilikuwa karibu.

Tukaunda kamati hata hivyo. Mwenyekiti, makamo, katibu, mshika fedha asiye na fedha, na mjumbe wa kina mama. Juzi katibu kanionesha daftari, kaliandika kwa mwandiko mzuri sana. Nikatafuta jina langu kwenye wajumbe, silioni. Nikafunua ukurasa wa pili, panaposema Vifaa: machela moja, tochi mbili, mkeka. Mimi ni wa nne.