Lawama isiyopanda ngazi: Uingereza na swali la nani abebe

Jo Hamilton alikuwa na duka lenye posta ndogo ndani yake katika kijiji cha South Warnborough, kusini mwa Uingereza. Siku moja akifunga hesabu, kompyuta ya Posta ilimwonyesha upungufu wa pauni 2,000. Akapiga simu kuomba msaada, akafuata alichoelekezwa, na papo hapo, simu ikiwa bado sikioni, upungufu ukawa pauni 4,000. Akatakiwa alipe. Deni likazidi kukua, akaweka nyumba rehani, na mwishowe akakiri kughushi hesabu ili aondolewe shtaka la wizi na aepuke jela. Hakuwa ameiba hata senti moja. Alisubiri hadi Aprili 2021 ndipo Mahakama ya Rufaa ilipomfutia hatia, yeye na wenzake 38.

Wenzake wa aina hiyo walikuwa wengi mno. Kati ya 1999 na 2015, mawakala wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi uliotoka kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Kama 700 kati yao walishtakiwa na Posta yenyewe: ndiyo iliyodai kuibiwa, ndiyo iliyochunguza, na ndiyo iliyoendesha mashtaka. Wengine hawakufikishwa mahakamani, lakini walilipa kutoka mifukoni mwao mpaka wakafilisika. Sehemu ya kwanza ya ripoti ya tume ya uchunguzi ya Sir Wyn Williams, iliyotoka Julai 2025, inasema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu ya yaliyowapata.

Tuangalie mzigo ulivyowekwa mabegani mwa hawa watu wa chini. Mkataba ulisema wakala anawajibika kwa hasara iliyotokana na uzembe au kosa lake. Posta ikausoma kana kwamba kila upungufu ni wake mpaka athibitishe vinginevyo, ilhali taarifa za kuthibitishia ziko kwa Posta na Fujitsu. Mwisho wa kila kipindi alitakiwa atie sahihi kwamba fedha mkononi na takwimu za kompyuta zinalingana. Asipofanya hivyo, kesho hafungui. Akifanya hivyo huku akijua hazilingani, ameghushi. Sheria nayo haikumsaidia. Tangu ilipoamuliwa mwaka 1999 kukifuta kifungu cha 69 cha sheria ya polisi na ushahidi wa jinai ya 1984, mahakama huchukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe dalili ya kasoro. Mwenye duka la kijijini angeionyesha kwa kutumia nini?

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu wanaojadili uwajibikaji katika Uingereza huanzia juu, kwa mawaziri na wakurugenzi, na kuuliza kama ni haki kumbebesha mtu mmoja lawama ya chombo kizima. Kwa mawakala swali hilo halikuulizwa. Hakuna aliyewaambia kwamba tatizo ni la mfumo. Na safari hii tatizo lilikuwa la mfumo kweli kweli.

Sasa tupande ngazi. Julai 2013, mwanasheria Simon Clarke, aliyekuwa akiishauri Posta, aliandika kwamba shahidi wa kitaalamu kutoka Fujitsu aliyetegemewa kwenye kesi zile alizijua kasoro fulani za Horizon na hakuzieleza mahakamani. Baada ya hapo Posta ikaanza kuyaacha mashtaka ya aina hiyo, lakini waliokwisha kutiwa hatiani hawakuambiwa kitu. Agosti mwaka huohuo Clarke akaandika tena, safari hii akieleza kwamba amepata habari ya agizo la kuchana kumbukumbu za kikao cha kila wiki cha kujadili matatizo ya Horizon. Wakaguzi huru wa Second Sight, walioajiriwa na Posta yenyewe mwaka 2012, waliondolewa mwaka 2015. Alan Bates, aliyekuwa wakala wa posta, na wenzake 554 walipokwenda Mahakama Kuu, Posta ilitumia mamilioni kupambana nao, hata ikajaribu kumwondoa jaji katikati ya kesi. Desemba 2019 Jaji Fraser alisema msimamo wa Posta ni sawa na kung'ang'ania kwamba dunia ni bapa.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo Paula Vennells, mtendaji mkuu wa Posta tangu 2012, alikuwa ametunukiwa CBE, nishani ya heshima ya taifa. Aliirudisha Januari 2024, siku chache baada ya tamthilia ya televisheni ya ITV kuwaamsha Waingereza kuhusu habari ambayo magazeti machache yalikuwa yameiandika kwa miaka zaidi ya kumi. Inauma kwamba hukumu ya Mahakama Kuu haikutosha kuwaamsha. Hadi ninapoandika, hakuna mkurugenzi wa Posta wala wa Fujitsu aliyetiwa hatiani kwa jambo hili.

Kwa hiyo wanaotaka majina, na siyo maelezo ya jumla kuhusu "utamaduni wa taasisi", wana hoja nzito. Taasisi haiendi jela wala haiwekewi nyumba rehani. Hata fidia haiigusi: Posta ni mali ya serikali, na zaidi ya pauni bilioni 1 zilizokwisha kulipwa zimetoka kwa walipa kodi, wakiwemo mawakala wenyewe. Waliofanya uamuzi wamestaafu na mafao yao. Kama adhabu inalipwa na watu wasiohusika, kiongozi anayefuata ana sababu gani ya kuogopa?

Upande wa pili nao usipuuzwe. Bi Vennells, akitoa ushahidi mbele ya tume Mei 2024 huku machozi yakimtoka, alisema aliwaamini mno waliomzunguka na kwamba mambo mengi hakuambiwa. Unaweza usimwamini, lakini ukitazama urefu wa jambo hili unaona ugumu wake. Limepita mikononi mwa mawaziri wa vyama vitatu, wakurugenzi waliokuja na kuondoka, wanasheria wa ndani na wa nje, wachunguzi, mafundi wa Fujitsu. Kila mmoja alishika kipande. Ukimtoa mmoja kafara, waliobaki wanapumua na chombo kinaendelea kama kilivyokuwa.

Na Uingereza imewahi kuijaribu njia hiyo. Mwaka 2007 mtoto wa miezi 17 aliuawa katika nyumba aliyokuwa akiishi huko Haringey, kaskazini mwa London, ilhali maofisa wa ustawi wa jamii walikuwa wakimfuatilia. Hasira za umma zilikuwa za haki kabisa. Desemba 2008 waziri Ed Balls akatangaza mbele ya kamera kumwondoa Sharon Shoesmith, mkuu wa huduma za watoto wa eneo hilo, huku gazeti la The Sun likikusanya saini kwa wingi kutaka watu wafukuzwe. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba aliondolewa isivyo halali, kwani hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Mmoja wa majaji aliandika kwamba kuwajibika hakumaanishi lazima vichwa vikatwe. Kazi yenyewe, wakati huo, ikawa watu wanaikimbia, na waliobaki wakajifunza kuandika mafaili ya kujikinga. Waliopoteza zaidi ni watoto waliohitaji ofisa mwenye uzoefu.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza wana mwiko wa kutafuta wa kulaumiwa. Kazi yao ni kueleza kilichotokea ili kisirudiwe, na rubani anayejua hilo husema kweli mapema. Hoja hii naiheshimu.

Kuna pia wanaotamani enzi za waungwana. Mfano wao ni ule ule kila mara: Lord Carrington, waziri wa mambo ya nje, aliyejiuzulu tarehe 5 Aprili 1982, siku tatu baada ya Argentina kuvivamia visiwa vya Falkland. Ilikuwa tendo la heshima. Lakini waziri wa ulinzi, John Nott, alitaka naye aondoke, Waziri Mkuu Thatcher akakataa. Tume ya Lord Franks iliporipoti Januari 1983 haikuitia serikali hatiani kwa uvamizi ule. Na kufikia 1984 Carrington alikuwa Katibu Mkuu wa NATO. Kujiuzulu kulituliza Bunge. Hakukueleza kwa nini dalili za uvamizi hazikusomwa.

Na enzi hizo za waungwana hazikuwa za kila mtu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, wafungwa 11 walioshukiwa kuwa Mau Mau walipigwa hadi kufa kwa kukataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ilisema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa vifo ukaonyesha ni kipigo. Alan Lennox-Boyd, waziri wa makoloni, alitaka kujiuzulu, Waziri Mkuu Macmillan akamshawishi abaki. Usiku wa Julai 27 mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, yule yule ambaye hotuba yake ya 1968 dhidi ya wahamiaji ingewaumiza weusi wengi, alisimama Bungeni kusema kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kingine Afrika. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Mwaka 2013 waziri William Hague alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wazee 5,228 walioteswa nchini Kenya katika miaka ile. Alisema serikali inasikitika kwa dhati, na katika hotuba hiyohiyo akaendelea kukana dhima ya kisheria. Fedha za umma zikatoka, masikitiko yakatolewa, na hakuna mtu aliyetajwa. Aliyeifuatilia habari ya Hola hashangai akisoma ya Posta.

Msimamo wangu ni huu. Kosa la kwanza na kinachofanywa baada ya kosa kujulikana ni mambo mawili, na Waingereza wanapoteza miaka kwa kuyachanganya. Programu kubwa ya kompyuta kuwa na kasoro mwaka 2000 ni jambo la kusahihisha, na hapo hoja ya kutotafuta wa kulaumiwa ina nafasi yake yote. Ila tangu Julai 2013 kulikuwa na karatasi ndani ya jengo inayosema ushahidi una walakini, na watu waliokuwa na rekodi za jinai bila kosa wakaachwa nazo. Hapo hatuzungumzii mfumo tena. Kuna aliyeisoma karatasi ile, na kuna aliyeamua funika kombe mwanaharamu apite. Vivyo hivyo Hola: anayestahili kutafutwa, pamoja na waliopiga, ni aliyeandika habari ya maji.

Maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough yanaonyesha kwa nini sheria ya zamani haikutosha. Mashabiki 97 wa Liverpool walikufa kutokana na msongamano wa uwanjani tarehe 15 Aprili 1989. Kamanda wa polisi, David Duckenfield, alisema siku ile kwamba mashabiki ndio waliovunja lango, ilhali yeye ndiye aliyeagiza lifunguliwe. Alikiri uongo huo mwaka 2015. Maelezo zaidi ya 160 ya askari yalibadilishwa. Maofisa wawili wastaafu na mwanasheria mmoja waliposhtakiwa, kesi ilikufa Mei 2021, kwa sababu maelezo yale yaliandaliwa kwa ajili ya tume ya uchunguzi, na jaji akasema tume si mahakama. Kwa maneno mengine, kuipotosha tume namna hiyo hakukuwa kosa waliloshtakiwa nalo. Familia zilipigania muswada wa kuwalazimisha maofisa wa umma kusema kweli, na hatimaye serikali iliuwasilisha Bungeni Septemba 2025, ukiwa na adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2.

Kuna pingamizi moja dhidi ya kipimo changu, nalo linanitia wasiwasi. Ukimpima kiongozi kwa kile alichojua, atajifunza kutojua. Atauliza maswali machache, atapokea taarifa kwa mdomo, atahakikisha barua pepe za hatari zinaishia kwa msaidizi wake. Tayari wapo mabingwa wa mbinu hiyo. Ndiyo maana sheria inayomlazimisha mtu aseme alichojua haitoshi. Inahitajika pia inayomlazimisha mkuu wa shirika aulize, kwa maandishi, kila mara mtu anapofungwa kwa jina la shirika lake, na jibu lihifadhiwe. Mwenye mamlaka ya kumpeleka mtu jela hapaswi kuwa na haki ya kusema hakuambiwa.

Kwa mawakala, muswada huo umechelewa, kwa kuwa sheria za jinai kwa kawaida hazirudi nyuma. Kilichobaki kwao ni uchunguzi wa polisi na sehemu ya mwisho ya ripoti ya Sir Wyn, na wazee miongoni mwao wanaendelea kufariki wakisubiri. Nitakayoyatafuta katika kurasa hizo ni matatu: jina la kila aliyepelekewa ushauri wa Clarke, tarehe aliyoupokea, na alichofanya kesho yake.