Manowari ya Kijerumani na Maji ya Ploti

Watu wengi hudhani ukiipunguza meli mara mia, uzito wake nao unapungua mara mia. Wapi! Urefu unaugawanya kwa mia, lakini uzito unaugawanya kwa milioni, maana umepunguza urefu, upana na kina kwa pamoja. Manowari Königsberg ya Mjerumani, iliyoshushwa majini Kiel mwaka 1905, ilikuwa na urefu wa mita 115.3, upana wa mita 13.2 na uzito wa tani 3,390. Yangu basi, ya mfano niliyoiunda moja kwa mia, ikawa na urefu wa sentimita 115, upana sentimita 13, na ili izame majini kiasi kile kile cha mama yake, ilitakiwa iwe na kilo 3.4. Hesabu hii nimeieleza kwa mwenye nyumba, kwa fundi bomba na kwa wapangaji wote wa ploti yetu, na mpaka leo hakuna aliyeona inahusiana vipi na kukosa maji.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mombasa. Nikifundisha Vita Kuu ya Kwanza, wanafunzi husinzia tukiwa Ufaransa na huamka tukifika Rufiji, mto wa Tanzania ambako Königsberg iliishia, kwa hiyo nikaona niwaundie hiyo Königsberg waione kwa macho yao. Mwili niliuchonga kwa gogo la mwembe alilonipa mzee mmoja fundi wa mitumbwi, nikaukomba ndani. Vyumba vya juu, plaiwudi. Dohani zake tatu zilikuwa kalamu za ubao mweupe zilizokauka wino, nimezikata kiunoni. Nguzo za ukingo wa sitaha, pini za nywele za mke wangu. Kamba za milingoti, uzi wa mke wangu. Ule mstari mwekundu wa usawa wa maji, rangi ya kucha ya mke wangu.

“Wewe umeoa,” akaniambia usiku mmoja, nimeinamia meza na kibano mkononi. “Umeniletea mke mwenza. Hapiki, hafui, na kazi yake kuvaa vitu vyangu.”

Kazi kubwa ilikuwa mizinga. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105, na mmoja wao uko Fort Jesus, mtu anauona kwa macho yake, pamoja na ule wa Pegasus, manowari ya Mwingereza ambayo Königsberg yenyewe iliizamisha bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Sasa kwa nini nihangaike na picha, na mwenyewe yuko hapa mtaani? Nikaenda na utepe wa fundi cherehani. Nikaupima mdomo, nikauzungushia utepe kiunoni, nikaunyoosha utepe kwa urefu, huku naandika kiganjani. Bawabu akanijia polepole. Akanitazama mimi, akautazama mzinga.

“Bwana mkubwa, unaushonea kanzu?”

Nikamweleza habari ya moja kwa mia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamwita mwenzake aje asikie naye.

Matokeo ya vipimo ni kwamba kijiti cha kuchokonolea meno, ukikikata ncha zote mbili na kukipaka rangi ya kijivu, unapata mzinga wa Königsberg bila kupungua wala kuzidi. Nikavigandisha vyote kumi kwa gundi nyeupe ya maseremala, ile ambayo chupa yake ina maelezo fulani kuhusu maji, yameandikwa kwa herufi ndogo. Ndogo sana.

Ilipokamilika, mizani ikasema kilo mbili na robo. Nikamwita yule mzee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu.” Akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa. “Hii nyepesi. Tia farumi, uzito wa chini wa kuituliza. Na farumi uibane, mwanangu. Farumi inayotembea ni abiria mlevi.”

Nikatia nati na boliti kuukuu za gereji, kilo moja na ushei. Kuzibana nilikusudia kuzibana, lakini baada ya kupima, maana utabanaje kitu ambacho hujajua kitakaa wapi? Hoja hiyo haijapata wa kuipangua.

Kupima nako kuna taabu yake. Sentimita 115 haziingii katika beseni, wala karai, wala lile sufuria la arusi la majirani, nililijaribu. Baharini kuna mawimbi, na mawimbi hayakupunguzwa mara mia. Lakini juu ya bafu za ploti yetu kuna tangi la saruji lenye kifuniko cha bati. Maji ya mfereji kwetu huja siku yanayopenda, kwa hiyo tangi likijaa huwa ni hazina ya watu. Usiku huo lilikuwa limejaa pomoni. Hakuna upepo. Nikasubiri taa za vyumba zizimwe, nikapanda ngazi, manowari kwapani, tochi mdomoni.

Ikaelea. Naomba hili lisisahauliwe: ikaelea. Mstari mwekundu ukakaa sawa na maji, omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Nikaisukuma kwa kidole ikaenda zake katikati ya tangi, mwanga wa tochi umezipiga dohani zote tatu, nami damu ikanichemka nikapiga saluti. Saluti ikaitikisa ngazi. Ngazi ikaligonga bati, bati likayagusa maji, likazuka wimbi dogo tu, la kuchekesha, na meli ikainamia kushoto. Hapo nikasikia nati zinahama. Krrr. Zote kwa pamoja. Ikalala ubavu, ikanywa maji kupitia tundu nililoliacha kwa ajili ya kuzibania hizo hizo nati, ikazama tezi kwanza. Nikafungua mdomo niseme neno. Tochi nayo ikaifuata.

Kujitosa usiku ndani ya maji ya kunywa ya watu, hapana, kuna mambo mtu hafanyi. Nikashuka nikalala, na mpango wangu ulikuwa mzuri tu: mchana maji yakipungua, nitaiopoa taratibu.

Saa kumi na moja alfajiri mama wa mahamri alifungua bomba akande unga. Bomba likakohoa, likatema maji ya kijivu, likakohoa tena. Akachokoa kwa waya, akatoa kitu, akakisogeza kwenye taa.

“Jamani,” ua mzima ukamsikia, “nani anachokonoa meno ndani ya tangi?”

Bomba la bafu la kwanza likatoa chake. La pili likatoa viwili vimesokotana na uzi. Kisha mabomba yote yakakata kwa mpigo mmoja. Watu wakaanza kuvipanga vile vijiti juu ya ukuta, kila mmoja na tafsiri yake. Kuna aliyesema ni uchawi, tena wa bei rahisi. Mke wangu alikuja na ndoo yake, akavipita bila kuvijali, mpaka mtu akamtia mkononi pini ya nywele. Akaitazama ile pini. Akanitazama mimi.

“Baba watoto,” akasema kwa ile sauti ya chini ninayoijua, “mwenzangu yuko wapi?”

Fundi bomba akaletwa, akapanda, akatia mkono kwenye tundu la kutokea maji, akachomoa dohani. Ilikuwa imeingia kwenye bomba la inchi moja barabara, hata yeye akasifu kipimo. Mwenye nyumba naye akatokea, tasbihi mkononi.

“Mwalimu, ni kitu gani hiki?”

Jamani, mwalimu wa historia haulizwi swali kama hilo mbele ya hadhira. Nikaeleza kwamba mwaka 1914 nahodha Max Looff aliificha Königsberg katika delta ya Rufiji, na Waingereza wakaizamisha meli yao wenyewe, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto ili isitoke. Yaani kule iliziba njia ya maji kuizuia manowari, na hapa kwetu manowari ndiyo iliyoziba njia ya maji, mlinganisho ambao mtahini yeyote angeufurahia. Nikaendelea na Severn na Mersey, zile meli za Waingereza za kina kifupi zilizomudu kuingia mtoni na mizinga yao, mpaka mwisho wa Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Wapangaji walinisikiliza na ndoo tupu. Mama wa mahamri akanyoosha mkono. Kweli, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, na huyo nahodha, maji ya watu aliyalipa lini?”

Nikalipa lori la maji. Nikamlipa fundi, nikawalipa vijana waliosugua tangi, na mahamri ya siku ile, ambayo hayakupikwa, nikayalipa yote na mbaazi zake.

Meli yenyewe ni nzima. Gogo la mwembe halifi kwa kulowa usiku mmoja. Kasoro ni mizinga. Wajerumani, manowari yao ilipokwisha, waliivua mizinga yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam ikatengenezwa na kufungiwa magurudumu, wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Sisi tumepata tisa. Fundi anasema wa kumi umo ndani ya ukuta, mahali fulani kati ya bafu na chumba cha mwenye nyumba, na kuutoa ni mpaka kuvunja. Mwenye nyumba amekataa kuvunja. Ila siku hizi akitaka maji hufungua bomba lake polepole, kwa mkono mmoja, amesimama ubavuni, si mbele yake.