Fukusi wa migomba: dawa, mitego au chipukizi safi?

Wanaotetea viuatilifu katika migomba wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Fukusi, mdudu wa jamii ya mbawakawa, hutaga mayai kwenye tunguu (shina nene la chini ya ardhi), funza wake huchimba humo bila kuonekana, na wakulima wengi hugundua tatizo siku upepo unapoangusha mgomba wenye mkungu. Kumwaga dawa ya chengachenga kuzunguka mashina ni kazi ya asubuhi moja. Mtego wa kipande cha shina kilichopasuliwa, kilicholazwa upande wa ndani ukigusa ardhi, unataka kukaguliwa kila baada ya siku chache, fukusi waokotwe na kuuawa, na kipande kibadilishwe kinapooza. Katika vihamba (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba) vingi vya Moshi kazi hiyo huwaangukia wazee, kwa kuwa vijana wako mjini.

Hata hivyo, sumu inaweza kubaki muda mrefu baada ya fukusi kufa. Huko Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi, kiuatilifu cha klodekoni kilichotumika dhidi ya mdudu huyuhuyu kuanzia 1972 hadi 1993 kingali ndani ya udongo na maji. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako mfereji mmoja hupita kihamba hadi kihamba, anachomwaga wa juu humfikia wa chini.

Kinachonivuta upande wa udhibiti husishi wa visumbufu, yaani kuunganisha mbinu kadhaa badala ya kutegemea dawa pekee, ni tabia ya fukusi mwenyewe. Hutaga mayai machache, huruka kwa nadra na hutembea usiku, haji kwa makundi kama nzige, bali mara nyingi huletwa ndani ya chipukizi lililotolewa na shangazi au jirani kwa nia njema (na nani atakataa chipukizi la bure la mshare, aina ya ndizi?). Kwa hiyo ningeweka nguvu nyingi hapo kuliko kwenye mitego. Tunguu likimenywa hadi liwe jeupe, mizizi yote ikaondolewa, kisha likatumbukizwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, mayai na minyoo ya mizizi hupungua sana bila tone la dawa.

Ugumu uko kwenye kihamba kikongwe, ambako visiki vya zamani tayari vina fukusi, na hata mche wa maabara ulionunuliwa kwa fedha nyingi hushambuliwa mapema. Hapo ningekubali kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, kitumike kwa mashina yaliyoathirika pekee, visiki vikiendelea kung'olewa na kukatwakatwa vikauke.